Kizibo cha Omu Hamsini

Wajukuu wangu hucheka nikiwaambia kwamba mtandao ulikuwa waya, tena unaoonekana kwa macho. Wacheke tu. Mimi ndiye niliyeufufua.

Nilikuwa mpiga chapa wa hospitali. Zilipoletwa kompyuta nne, vioo vimetuna kwa nyuma kama mizinga ya nyuki, fundi aliziunganisha kwa waya mmoja mweusi kutoka mapokezi, famasia, wodini, hadi maabara. Kwenye kila ncha ya waya akafunga kizibo kidogo cha chuma.

"Hicho cha nini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Kinazuia mawimbi ya umeme yasigonge mwisho yakarudi, mama. Ni cha omu hamsini, kipimo cha ukinzani wa umeme."

Sikuelewa, ila niliandika nyuma ya daftari langu.

Miezi mitatu tukala raha. Majibu ya damu yalifika wodini kabla mhudumu wa kubeba makaratasi hajamaliza kupanda ngazi. Kisha asubuhi moja kompyuta zote zikawaka vizuri, lakini hakuna iliyoiona mwenzake. Fundi akasema kwa simu kwamba kifaa cha kutafutia hitilafu kitaagizwa ng'ambo, na kitachukua wiki sita.

"Basi turudi kwenye makaratasi," akasema mganga mkuu, uso umemshuka.

Roho iliniuma. Nikaufuata waya chumba kwa chumba, nikipiga magoti na gauni langu la kazini. Kule maabara, mwisho wake ulikuwa mtupu, kizibo hakipo. Nikamwuliza mfagiaji.

"Kile kidude?" akashtuka. "Jamani, nilikitupa jana nikidhani takataka!"

Nikatoka mbio na daftari langu kwa fundi redio wa mtaa wa pili, nikamwonyesha ile omu hamsini.

"Hamsini sina, dada," akasema akipekua kopo lake. "Nina rezista za omu mia, hizi za kuukinza umeme. Lakini mbili zikilazwa sambamba, umeme unapata njia mbili, ukinzani unakuwa nusu: hamsini."

Akazilehemu. Nikarudi, nikachomeka mguu mmoja katikati ya ncha ya waya na mwingine kwenye chuma cha pembeni, nikazungushia utepe. Mtu wa maabara akaandika jina la mgonjwa. Wodini muuguzi akapiga kelele: "Imekuja! Imekuja!"

Mganga mkuu akaja mwenyewe, akanipa mkono mbele ya watu wote.

Jumatatu nikapata barua: kuanzia leo, msimamizi wa mtandao. Nilimsomea mume wangu mara mbili.

"Mtandao ndio nini?" akauliza.

Nikamweleza mpaka chai ikapoa. Hakuambulia kitu. Lakini kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba mke wake ni msimamizi.