Beseni Halirudi Tupu

Yule samaki, kuhe, alikuwa mnono kuliko kitu chochote kilichoingia jikoni mwao tangu mvua zianze, na hakuna aliyemwonja. Papa Éliézer alimlaza katika beseni la marehemu mke wake, akamfunika jani la mgomba, akamtwika bintiye. Ndivyo walivyofanya watu wa kwao, ziwani kaskazini, walipomwendea mkubwa: zawadi huchukuliwa na mtoto anayeombewa, ili sura yake ikumbukwe.

Sonia hakutaka. "Papa, niko wa kwanza mu darasa. Point zangu zitasema."

"Point haina kinywa, mwanangu. Beba."

Sonia alikuwa akisomea udaktari hapo hapo Kalemie, katika chumba ambamo hadubini ilichorwa ubaoni kwa chaki. Alitaka kuhamia kile chuo kikuu cha kusini kinachochekecha watu kama unga. Mkoa mzima ulipewa nafasi moja, na mwenye kuitia saini alikuwa Shefu Hubert, mkubwa wa elimu mkoani. Mama yake Sonia alifia kwenye benchi la hospitali, daktari akiwa karamuni kwa wakubwa. Tangu siku hiyo Éliézer alikuwa na neno moja tu juu ya wakubwa, nalo halisemeki kanisani.

Ofisini, Shefu hakumtazama samaki. Alimtazama Sonia akipiga goti kutua beseni.

"Huyu njo mutoto?"

"Njo yeye, Shefu. Anapita wote na akili."

"Akili iko mingi hapa, Papa. Sinyatire yangu njo iko moja." Akacheka, karani naye akacheka. "Watoto wa wakubwa wanaigombania. Lakini umefanya muzuri kumuleta. Sasa namujua."

Njiani Éliézer alitembea kama mtu aliyetoka ubatizoni. "Umesikia? Anakujua."

Sonia alitangulia; beseni lilikuwa limebaki ofisini.

Kesho yake, jua likizama nyuma ya vilima, jipu jeusi lilisimama uani. Dereva akashuka na beseni, limesuguliwa hadi linang'aa. Éliézer alilipokea kwa mikono miwili, adabu ilivyotaka, ndipo akaona kilichomo: kitenge kipya, na juu yake chupa ya marashi.

"Shefu anasema samaki alikuwa mutamu. Dosie ya Mademoiselle, karatasi zake za chuo, iko na kasoro kidogo, aende kuielezea. Kule otel. Biro yake ya kazi ilishafungwa."

"Nitaenda naye."

"Papa," dereva alisema kwa upole, "wewe walikuita?"

Éliézer alitazama kile kitenge. Yeye mwenyewe alimposa mkewe hivyo: kitenge ndani ya beseni hili hili, beseni mikononi mwa baba mkwe. Aliyepokea alikuwa amekubali. Na yeye alikwisha kulipokea.

Sonia alitoka ndani, miguu mitupu. Akatazama beseni, kisha mikono iliyolishika.

"Papa. Murudishie."

Éliézer akamnyooshea dereva beseni. Injini ilikuwa bado inanguruma, mlango wa nyuma wa gari uko wazi. Dereva alimtazama bila ubaya wowote, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.