Soli za Mama Ngazi

Kwenye ukuta wa kibanda cha fundi viatu palikuwa na misumari mingi, lakini mmoja tu ndio uliokuwa na heshima. Huo ulibeba kiatu cha ngozi ambacho fundi alikishona ujanani, kazi ambayo mwenyewe alikiri hajaifikia tena. Mteja akitaka kutundika mkoba wake hapo, fundi humzuia: "Hapo hapana, bwana. Hapo hutundikwa kazi."

Mkewe alikuwa msafishaji katika jengo la ghorofa kumi na moja, lenye lifti inayofanya kazi ikijisikia. Miezi minne nyuma, wenzake wa kazini walipotangaza safari ya kupanda mlima, tena ule mkubwa wenye theluji kileleni, naye akajiandikisha. Miaka hamsini na miwili, na hajawahi kupanda hata kichuguu! Tangu siku hiyo, kila akimaliza zamu, alivaa mabuti yake, akabeba begi lenye chupa sita za maji, akapanda ngazi hadi juu na kushuka. Mara tatu. Fundi akampachika jina la Mama Ngazi.

"Ataishia getini," aliwaambia wateja. "Akiuona mlima kwa karibu, atakumbuka ameacha pasi inawaka."

Mzaha tu huo, maana alimpenda mke wake. Jumanne, siku tatu kabla ya safari, aliona jinsi soli za mabuti zilivyolika, akaingiwa na huruma. Akapanga kumshangaza. Mkewe alipokwenda kazini na viatu vingine, mabuti kayaacha nyumbani, fundi akazibandua soli kuukuu, akazitupa kwenye sanduku la vipande, akaweka mpya, nene, zenye meno makubwa, kisha akazishona kwa uzi mara mbili. Jioni akamkabidhi, akitabasamu meno yote nje.

Mkewe akayageuza mabuti, akakaa kitako.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimekutilia soli mpya. Zile zilikuwa zimekwisha."

"Zilikuwa zimenizoea! Kiongozi wa msafara anakagua viatu Ijumaa asubuhi. Alishasema, mwenye buti gumu anabaki, maana malengelenge huko juu yanamrudisha mtu amebebwa. Na likizo hii nimeiomba miaka miwili."

Fundi akajaribu kulikunja buti kwa mikono. Likagoma kama ubao. Miaka thelathini kazini, na kwa kosa hili angemgombeza mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza. Alikuwa ametengeneza buti zuri, akasahau mguu. Aibu ilimshika, akashindwa hata kumtazama mkewe usoni.

"Kesho nakuja kazini kwako," akasema. "Na zana zangu."

Kesho yake wakasimama chini ya ngazi, yeye na sanduku lake, mama na begi lake.

"Panda, mama. Panapobana, sema."

Ghorofa ya pili, kisigino. Mama akaketi kwenye ngazi, fundi akaigonga ngozi kwa nyundo hadi ikalegea. Ya nne, vidole. Fundi akachukua kisu, akaichonga ile soli yake nzuri, akaipunguza mahali mguu unapokunjika. "Iliniuma," alikuja kusema baadaye, lakini alichonga. Ya sita hapakubana kitu, ila fundi mwenyewe pumzi ilikuwa haipatikani. Mkewe akalichukua sanduku la zana, akaliweka begani juu ya begi, akaendelea kwa mwendo uleule, kama anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Fundi akamfuata nyuma ameshika ukuta.

"Kila siku?" akauliza walipofika ya tisa.

"Kila siku."

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Hujachoka, baba?"

Fundi akajivuta ngazi nyingine, mkono ukutani. Miezi minne alikuwa akimcheka mtu huyu mbele za watu.

Walipanda tena, na Alhamisi wakapanda tena. Ijumaa asubuhi kiongozi wa msafara alilikunja buti la kwanza, akalikunja la pili, akamtazama mama kutoka chini hadi juu.

"Haya yamekula ngazi," akasema. "Ingia garini, mama."

Fundi alirudi kibandani, akapekua sanduku la vipande mpaka akazipata soli kuukuu. Alizoea kusoma soli za watu: huyu anaburuza mguu, yule anaegemea upande. Hizi za nyumbani kwake alizibandua bila kuzisoma. Sasa akazisoma. Zililika sawasawa, kushoto na kulia, kwa mbele hasa, pale mtu anapojiinua. Hapakuwa na mahali palipoonyesha mwenye nazo aliburuza mguu. Fundi akakitoa kiatu chake msumarini, akazitundika hapo.

Mchana akaja mteja wa zamani, mmoja wa waliocheka sana.

"Fundi, siku hizi unatundika takataka?"

"Hiyo ni kazi."

"Yako?"

"Ya mke wangu."

"Kwani ameshafika kileleni?"

"Ameondoka leo asubuhi," fundi akasema, akavuta uzi.