Kengele ya Siku Tatu

Programu ya kumi ilikuwa ya kuwakumbusha watu kunywa maji, na Fundi alikuwa amefika mstari wa saba. Faili lenyewe lilikuwa na mistari kumi na miwili tu: jina la programu, rangi, nembo, maneno ya kukaribisha, bei, siku za majaribio, na mengine ya namna hiyo. Ukiijaza yote ukabonyeza, baada ya dakika ishirini programu mpya inatoka nzima, ina mahali pa kujisajili, ina ukurasa wa kulipia, iko tayari kuingia sokoni. Bosi aliinunua kazi hiyo ikiwa imeshaandikwa, mtandaoni, kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, akaipa jina la Kalibu, kama ile ya kufyatulia matofali.

"Mfyatua matofali habuni tofali," alipenda kusema. "Anajaza udongo, anageuza, anasonga mbele."

Na kweli walifyatua. Kila Jumatatu moja, wiki tisa mfululizo: picha za simu, utabiri wa nyota, mazoezi ya kupunguza tumbo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, chenye dirisha lisilofunguka kwa sababu mtu alilipaka rangi likiwa limefungwa. Meza ya jirani ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mvi, aliyeajiriwa kwa uchoraji lakini kazi yake ikawa kubadilisha rangi tu, wiki hii kijani, wiki ijayo zambarau. Wakamwita Rangi.

"Maji nimeyapa bluu," Rangi alisema bila kugeuka. "Nimeumiza kichwa sana."

Fundi alicheka. Kisha simu yake ikaita, na kicheko kikamwishia, kwa sababu shangazi yake hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi huyu wa kwenye simu amelala? Leo hajaniita."

Ilikuwa saa nne kasoro. Kidonge cha kifafa kilikuwa cha saa mbili, asubuhi na usiku.

"Lakini umemeza?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nilikuwa nasubiri aniite. Sasa sijui kama nimemeza au nilifikiria tu kumeza."

"Hesabu vilivyobaki."

"Nimevimimina vyote kwenye kopo, vipya na vya zamani. Si ulisema mambo ya kuhesabu yamekwisha?"

Alikuwa amesema. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kitandani kwa shangazi akamwekea programu ya tisa, Kumbuka Dawa, kwa fahari ya mtu anayemletea zawadi mama aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Kwa miaka kumi na mmoja shangazi alikuwa akichora alama kwenye kalenda ya ukutani kila anapomeza, na hakuwahi kukosea ila mara moja, siku aliyoangukia jiko na kuungua mkono. Fundi aliing'oa kalenda ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwenye kioo pameandikwaje?"

"Panasema majaribio yako yamekwisha, lipia uendelee. Majaribio gani? Mimi nimefanya mtihani lini?"

Fundi alimwambia asiwashe jiko, amwite mama wa nyumba ya pili aje akae naye. Akampigia nesi wa zahanati, ambaye alisema ameze kimoja na asiachwe peke yake. Kisha akafungua faili la Kumbuka Dawa na kushuka hadi mstari wa kumi na moja.

*Majaribio yakiisha, funga vyote.*

Aliuacha hivyo mwenyewe. Ulikuja hivyo ndani ya Kalibu na programu zote tisa zilitoka nao hivyo hivyo. Kwenye utabiri wa nyota ulifunga nyota, na hakuna anayekufa kwa kukosa nyota. Kwenye programu ya dawa, kengele nayo ilikuwa mojawapo ya hivyo vyote. Si yeye wala Rangi wala Bosi aliyewahi kulifikiria, maana hakuna aliyelipwa kufikiria.

Akafungua orodha ya watumiaji. Walikuwa elfu moja na mia tatu na kitu, na wale wa Jumatatu asubuhi walikuwa wameshageuka wekundu, mmoja mmoja, kila siku zake tatu zilipotimia. Pembeni ya kila jina palikuwa na saa na maneno aliyoandika mwenye dawa. Ya moyo. Ya presha. Ya mtoto, nusu kijiko. Sindano ya sukari. Alipokuwa akitazama, watatu zaidi wakawa wekundu.

Bosi alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, anatabasamu mbele ya kompyuta yake.

"Njoo uone. Tangu asubuhi wanalipa tu. Hii ndiyo ya kwanza iliyoshika."

"Bosi, wanalipa kwa sababu kengele imenyamaza."

"Sasa?"

"Na wengi hawajui kama imenyamaza. Wamekaa wanasubiri iwaite."

"Ya nyota nayo si ilifunga? Mbona hukuja kunilalamikia?"

"Nyota hazimwangushi mtu jikoni." Akamweleza habari za shangazi.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomtia Fundi hofu. Aliuliza shangazi anaendeleaje, akauliza kama kuna mtu wa kukaa naye, akamwambia pole kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

"Shangazi yako namfungulia bure, maisha yake yote. Nipe namba yake sasa hivi."

"Na wengine?"

"Wengine walibonyeza Nakubali." Akageuza kioo ili Fundi aone mstari unaopanda. "Wageni wanakuja kesho kuutazama huu. Wakitia mtaji, tunaandika toleo la pili, safi, kengele haifungwi. Wiki mbili tu, Fundi."

"Wiki mbili ni vidonge ishirini na nane."

"Usinifanyie hesabu."

Fundi alirudi mezani. Alikaa kitambo akitazama mstari wa kumi na moja, akiwaza kazi alivyoitafuta mwaka mzima na mkataba wake uliokuwa unaishia mwezi ule. Kisha akaongeza maneno mawili, *isipokuwa kengele*, akabonyeza. Kwenye orodha wekundu wakaanza kurudi kijani. Alijisikia kama mtu aliyeweka ndoo ya maji chini baada ya safari ndefu.

Haikutimia nusu saa. Bosi alitoka nyuma ya mbao, polepole, simu mkononi.

"Malipo yamesimama. Nani kagusa?"

"Mimi."

Hakumgombeza. Aliinama juu ya bega lake, akafuta yale maneno mawili, akabadilisha nywila, akajiondokea na orodha ikawa nyekundu tena. Alipofika kwenye mlango wake aligeuka.

"Nenda nyumbani ukamwangalie mgonjwa. Jumatatu tutazungumza."

"Na ile ya maji?"

"Rangi ataimalizia. Ni mistari kumi na miwili tu."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Alikusanya vitu vyake, chaja, kikombe, sweta. Mashine ya kuchapa pale kona ikaanza kukoroma, na karatasi zikatoka, moja, mbili, hadi kumi na tatu. Rangi aliinuka, akazikunja, akazitumbukiza kwenye mfuko wa Fundi bila kumtazama usoni.

"Nilikuwa najaribu wino," alisema. "Mimi nina watoto wanne. Sijaona kitu."

Zilikuwa namba za simu, dawa na saa zake.

Alipofika nyumbani alimkuta shangazi amekaa kitini, kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Mama wa nyumba ya pili alikuwa amesimama nyuma yake.

"Niliteleza tu," shangazi alisema.

Mama yule akatikisa kichwa taratibu. Hakuteleza.

Fundi alipiga magoti, akamshika ule mkono wenye kovu. "Nisamehe shangazi. Ni mimi. Niliuacha mstari mmoja ulivyokuwa."

Ulimi wa shangazi ulikuwa umevimba kidogo pembeni na maneno yalitoka mazito.

"Mimi nina wewe. Hao wengine wana nani?"

"Sijui."

"Lete hizo karatasi."

Ilikuwa saa saba na nusu. Walianza na wa saa nane. Fundi alipiga namba ya kwanza, akajieleza vizuri, kampuni, hitilafu, samahani kwa usumbufu, na mwanamume wa upande wa pili akamjibu, "Matapeli mmeanza tena," akakata. Shangazi akanyoosha mkono, akaichukua simu, akapiga namba ya pili.

"Hujambo mwanangu. Usiulize mimi ni nani, mimi ni shangazi wa mtu. Dawa yako ya moyo umeshameza?"

Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Bado mama. Nasubiri kengele."

"Haitalia. Meza sasa, mimi nipo hapa nakusikiliza."

Wakasikia maji yakimiminwa. Fundi alitia alama kwenye karatasi. Wa tatu alikuwa wa presha, akacheka, akashukuru, akauliza kama watampigia na kesho. Shangazi akamwangalia Fundi, halafu akasema ndiyo.

Wa nne ilikuwa sindano ya sukari. Simu iliita mpaka ikakatika. Shangazi akapiga tena, wote watatu wakainamia kioo, ikaita muda mrefu, ikakatika. Mama wa nyumba ya pili akavuta kigoda akakaa, akatoa simu yake mfukoni, akaomba apewe ukurasa mmoja. Shangazi hakumsikia. Alikuwa anabonyeza namba ileile kwa mara ya tatu.