Mama Naim Hatoki

Katika mtaa ulio nyuma ya msikiti, Bungoma mjini, harusi haikuhesabika kuwa imeanza mpaka Khairunisa afike jikoni. Yeye ndiye aliyejua pilau ya umati inataka maji kiasi gani, na usiku wa kuamkia sherehe yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Watu walimwita Mama Naim, kwa jina la mwanawe wa pekee, aliyehamia Kitale na kufanya biashara ya mpakani Suam. Mumewe alikuwa amefariki zamani, lakini hakuwa mpweke. Mlango wake ulikuwa wazi kutwa.

Mambo yaligeuka kwenye harusi ya binti wa jirani. Wanawake walikuwa wameketi mkekani, mmoja akasimulia kisa cha shemeji yake aliyeenda kuposa akakosea nyumba, na Khairunisa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Katikati ya kicheko akahisi joto likimshuka mapajani. Alijaribu kujibana, akashindwa. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu mkojo ulikuwa ukimchuruzika akikohoa au akiinua sufuria, naye akijikunjia kitambaa. Siku hiyo kitambaa hakikutosha.

"Hapa kuna maji," mtoto mmoja akasema kwa sauti, akinyooshea kidole mkeka.

Khairunisa alishika bilauri ya juisi iliyokuwa mbele yake, akajimwagia miguuni.

"Jamani, mikono yangu hii!" akasema.

Wenzake wakacheka, wakamletea leso nyingine. Aliaga kwamba anaenda kubadilisha nguo. Hakurudi.

Kuanzia hapo akawa na visingizio vya kutotoka. Leo goti, kesho presha. Msikitini aliacha kwenda, kwa kuwa alijiona si msafi. Alipoalikwa harusini alituma sukari na salamu. Chai akaacha kunywa, na maji akayanywa kwa kuyahofia, ingawa haikumsaidia. Kila asubuhi alifua vitambaa vyake na kuvianika ndani, nyuma ya kabati, mtu asivione.

Jirani yake Jentrix, aliyeuza mboga za kutoka Chwele, alikuwa akigonga dirisha jioni.

"Mama Naim, si utoke tu ukae na mimi hapa nje? Ati mchana wote uko ndani, bana."

"Nitatoka kesho, mama."

Jentrix aligonga hivyo kwa majuma mengi. Baadaye akawa anasalimu tu akipita. Mwishowe akawa anapita bila hata salamu. Hakuwa amekasirika, alikuwa amezoea. Khairunisa alimsikia akicheka na wateja, naye huku ndani akikaa kimya ili asidhaniwe yupo macho.

Kisha Fadumo, mke wa Naim, akajifungua. Fadumo alikuwa Msomali, na mama yake mzazi hakuwa hai. Wote walijua nani atakwenda kumkanda Fadumo na kumwogesha mtoto. Naim akapiga simu kutoka Kitale.

"Mama, nakuletea gari. Litakutoa mlangoni kwako likufikishe mlangoni kwetu."

"Miguu, mwanangu. Haiwezi."

"Basi tukupeleke hospitali."

"Si ya hospitali. Ni uzee."

"Mama, ni mjukuu wako wa kwanza."

Khairunisa alitazama chumba chake. Angemwambia nini mwanamume mwenye ndevu, tena aliyemzaa mwenyewe? Aliwaza godoro la wageni kule Kitale, shuka jeupe, na asubuhi yake. Akasema tena kwamba ni miguu. Naim akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Arobaini ya mtoto ilisomwa bila yeye. Picha zilifika kwenye simu, akazitazama mpaka chaji ikaisha.

Siku chache baadaye Fadumo alibisha hodi mwenyewe, mtoto mgongoni. Hakuwa ametoa taarifa. Aliketi, akakataa chai.

"Mama, nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Ni kwa sababu mimi ni Msomali?"

"Wallahi si hivyo!"

"Basi ni nini? Nilikandwa na mwanamke wa kulipwa. Nilikuwa nalia, na si kwa maumivu."

Khairunisa aligeukia ukuta. Maneno aliyashusha moja moja.

"Mkojo hunitoka. Siwezi kuushika. Ningelala wapi kwako?"

Fadumo hakucheka wala hakushtuka. Alimfungua mtoto mgongoni akamweka mapajani mwa bibi yake.

"Naim hungemwambia," akasema. "Lakini mimi? Mama, mimi ungeniambia."

"Ungenionaje?"

"Ningekuona mgonjwa."

Khairunisa alilia, mtoto akimwangalia.

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja. Muuguzi alieleza waziwazi kwamba misuli ya chini hulegea kwa uzazi na kwa umri. Kuna mazoezi ya kuikaza, nayo yanataka miezi. Hali itapungua, ila hakuahidi kwamba itakwisha.

"Na sala?" Khairunisa aliuliza wakiwa njiani.

"Mtu mwenye hali hiyo anajisafisha, anajifunga vizuri, anatia udhu wakati ukiingia, anaswali. Si walitufundisha madrasa?"

"Hata mimi nilifundishwa. Nilidhani ni ya watu wengine."

Fadumo alikaa naye siku kadhaa, akamwachia pedi na namba ya kliniki, akarudi Kitale. Naim alipiga simu akaomba radhi, ingawa hakuambiwa kila kitu. Nyumba ikanyamaza tena. Khairunisa aliendelea na mazoezi yake, peke yake, kama alivyoagizwa. Yalisaidia kiasi.

Ijumaa moja alivaa buibui, akajifunga, akatoka. Kibanda cha Jentrix kilikuwa na mtu mwingine ambaye hakumjua. Aliambiwa mwenye kibanda alihamia kwa bintiye Webuye, mwezi mzima sasa. Jentrix alikuwa amepita kwa Khairunisa kuaga, akagonga, hapakuwa na jibu.

Msikitini, upande wa wanawake, alichagua kukaa karibu na mlango. Msichana aliyekuwa kando yake alimsogezea mswala kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni mgeni hapa?"

"Marahaba," Khairunisa akajibu. "Nakaa hapo nyuma tu."