Tandiko Lililovishwa Soksi

Mtunza farasi aliamka na uchovu uleule aliolala nao. Kwa majuma mengi alikuwa amemwuguza farasi jike, waliyempachika jina la Bi Mkubwa, vidonda vya mgongo alivyotiwa na tandiko kuukuu. Vidonda vilipona, lakini mwenye farasi alikwisha kutoa kauli: likipatikana tandiko linalomkaa, Bi Mkubwa angebaki, lisipopatikana, angeuzwa.

Fundi wa ngozi alimwazima tandiko jipya apate kulijaribu kwa asubuhi moja.

"Dada yangu, likirudi na alama, sitapata wa kumuuzia," alimwambia.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Alitwaa soksi ndefu za mumewe, akazikata vidole, akazivalisha mikanda ya vikuku, ile inayoshika miguu ya mpandaji, ili isiparuze ngozi ya tandiko ubavuni. Kisha akakunja blanketi zito mara mbili na kulilaza chini ya tandiko, jasho lisiifikie ngozi.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuja kupanda. Alipoona kazi ile, alicheka hadi akashika nguzo ya banda.

"Shemeji! Tandiko limevaa soksi, mimi viatu vimetoboka. Anayesafiri ni nani hapa?"

"Panda, bwana wee. Na vua huo mkanda, chuma chake kitakwaruza."

"Suruali ikinidondoka je?"

"Ishike. Una mikono miwili."

Alizunguka uani mara chache tu. Tandiko liliyumba kushoto, likayumba kulia, na Bi Mkubwa akalaza masikio nyuma.

"Halikai, shemeji," alisema, safari hii bila kucheka. "Linaogelea."

Mtunza farasi alikalia ndoo iliyopinduliwa. Kuosha vidonda kote kule, kupaka dawa, kubembeleza, na mwisho wake ndio huu? Akamtazama farasi wake kama mtu anayeaga. Ndipo jicho lake lilipotua kwenye blanketi, nene kama godoro.

"Shuka," alisema polepole. "Hatujajaribu tandiko. Tumejaribu blanketi."

Alilitoa, akaweka kitambaa chepesi kimoja.

"Na jasho?" shemeji aliuliza. "Likiloa na lisimkae, utamwambia nini fundi?"

"Jasho ni juu yangu. Lakini soksi zibaki."

Safari hii shemeji alipanda kwa muda mrefu, hadi shingo ya Bi Mkubwa ikang'aa kwa jasho. Walipolivua tandiko, mtunza farasi aliinama. Mgongo ulikuwa umelowa sawasawa pande zote mbili, pasipo hata kipande kikavu cha kuonyesha mahali palipobanwa. Alibonyeza kwa vidole kutoka mabegani hadi kiunoni. Bi Mkubwa hakushtuka; alishusha pumzi tu.

Ubavuni ngozi ya tandiko ilikuwa safi kabisa. Chini yake, jasho lilikuwa limeacha doa jeusi ambalo halikufutika, ingawa alisugua.

"Umelichafua," shemeji alinong'ona.

"Nimelichafua. Halirudi tena, wala Bi Mkubwa haendi popote. Kamwambie mwenye farasi aje aone."

Akazivua soksi taratibu. Shemeji akanyoosha mkono.

"Basi nipe mimi hizo."

"Hazina vidole."

"Kwani viatu vyangu vina nini mbele?"

Mtunza farasi akacheka, ingawa hata kucheka kulimchosha, akamrushia.