Mara Inakubali, Mara Inakataa

Jumatatu dawa ilikubali. Jumanne ikakataa. Vitu vilikuwa vilevile: vipande viwili vya asali, majani matatu ya mlimani, chupa moja ya maji ya chemchemi, vyote ndani ya chungu, moto chini. Jumatatu chungu kilitoa moshi wa kijani na dawa ya homa ikapatikana. Jumanne kikatoa uji mweusi, na maandishi mekundu yakapita kwenye kioo cha simu: Mchanganyiko haufai.

"Haifai namna gani?" Zihalirwa akaiuliza simu. "Si jana tu ulikubali?"

Mteja aliyekuwa anangoja kava yake akadhani anaambiwa yeye, akaanza kujitetea.

Duka lao lilikuwa Magarama, mjini Gitega, dogo kiasi kwamba wakiingia watu wawili, wa tatu husubiri nje. Zihalirwa aliuza humo chaja, kava na betri pamoja na dada yake mkubwa, Cibalonza. Walikuwa wametoka Kivu ya Kusini miaka sita iliyopita, na walijulikana mtaa mzima: yeye kwa upole, dada yake kwa mdomo.

Mchezo wenyewe uliitwa Bonde. Watu wawili hupewa kijiji, hukilima na kukijenga, na mwisho wa msimu homa huingia. Wasipokuwa na dawa tano, kijiji hufutwa na wao hutenganishwa, kila mtu kivyake. Safari hii msimu ulikuwa unaisha Ijumaa, saa kumi alasiri. Zihalirwa alikuwa na dawa mbili.

Ungeweza kumwambia kwamba huo ni mchezo tu, na watu walimwambia. Lakini mwenzake wa kijiji alikuwa Theodosia, binti wa mzee Venansi, mkulima wa Gashoho kule Muyinga. Walijuana sokoni Gashoho, Zihalirwa alipopeleka bidhaa, na Theodosia akamrudishia chaja mara tatu kwa kosa ambalo halikuwepo. Familia yake ilikuwa imerudi kutoka Tanzania, alikokulia, na Kiswahili chake kilinyooka hata Zihalirwa akaona haya kufungua kinywa. Mzee Venansi hakupenda binti yake akae kwenye simu akiongea na mwanamume. Kucheza hakuna sauti, kwa hiyo walicheza. Mwaka mzima walionana humo kila siku, vidoli viwili vikipalilia mahindi bega kwa bega. Na Jumamosi hii, siku moja baada ya msimu kuisha, Zihalirwa alikuwa anakwenda Gashoho na wazee wake kumposa.

Ndiyo maana Jumatano, dawa ilipokataa tena mara mbili, hakula chakula cha mchana.

"We unalia juu ya asali ya kwenye simu?" Cibalonza akamuuliza.

"Yaya, dada yangu, angalia. Asali ni ile ile, majani ni yale yale. Lakini mara inakubali, mara inakatala. Hakuna sheria humu!"

"Basi achana nayo, ufunge kava ya huyu papa anayengoja."

Hakuachana nayo. Alichukua boksi tupu la chaja, akaanza kuandika nyuma yake kila chungu alichopika: saa, vitu, nani alileta nini, matokeo. Alijaribu asali kwanza, kisha majani kwanza. Alijaribu moto mdogo. Aliwauliza wachezaji wengine, mmoja akamwambia apike mvua ikinyesha kijijini, mwingine akaapa kwamba siri ni kusimama kusini mwa chungu. Alisimama kusini. Uji mweusi ukatoka kusini vilevile.

Alhamisi boksi lilijaa, naye akaliona jambo ambalo angelipa asilione. Asali na majani yalikuwa yake, na hayakuwa na kosa. Maji yalichotwa na Theodosia, kwa kuwa chemchemi ilikuwa upande wake wa kijiji. Chupa alizoziacha ghalani wakati Zihalirwa hayupo, zote zilitoa dawa. Chupa alizompa kwa mkono wake, wakiwa pamoja, zote ziliharibika. Hakuna hata moja iliyokwenda kinyume.

Akakumbuka na kitu kingine: kabla ya kumpa chupa, kidoli cha Theodosia kiliinua mkono kidogo, kikasita, ndipo kikanyoosha. Siku zote alidhani ni mtandao unakwama. Sasa akaona kuna kitu kinafanywa hapo.

Hakupaswa kumwonyesha Cibalonza, lakini alimwonyesha. Dada yake alisoma boksi zima, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakutania.

"Akikupa yeye mwenyewe, njo inaharibika?"

"Ee, njo vile."

"Donc, basi, hataki kijiji iendelee." Akamrudishia boksi. "Labda hata Jumamosi hataitaka. Labda anaogopa tu kukuambia."

Aliwapa wateja chenji mara mbili, akauza betri mbovu. Aliwaza baba mdogo wake, Papa Valentin, aliyekwisha kunyoosha suti. Aliwaza wazee wamekaa kwenye viti vya Gashoho, na msichana anatoka ndani kusema hapana mbele ya watu. Kufikia saa tisa hofu ilikuwa imegeuka hasira, maana hasira ni nyepesi kubeba, akaandika ujumbe na kuutuma kabla hajausoma mara ya pili: "Theo, kama hunitaki sema. Usiniwekee sumu kwenye maji."

Sumu. Kwa watu wa huku hilo si neno la mzaha, awe Mrundi au Mshi kama yeye. Kuna majirani wasiopeana hata maji ya kunawa kwa ajili yake. Zihalirwa alilijua hilo tangu utoto, na bado aliliandika.

Theodosia aliusoma ujumbe. Alama zilionyesha ameusoma. Hakujibu, na ndani ya mchezo kidoli chake kikakaa chini kando ya chemchemi, hakikuinuka tena. Ijumaa saa kumi homa iliingia, ikakuta dawa nne tu. Nyumba zikazimika moja baada ya nyingine, kisha kioo kikawa cheupe. Zihalirwa alikitazama mpaka mteja akamgusa bega.

"Mi siendi kesho," akamwambia dada yake.

"Utaenda. Pombe ya bière imenunuliwa na Papa Valentin amenyoa. Kama ni aibu, tutaikula wote."

Wakaenda. Walipita Karuzi, wakafika Muyinga, wakakata kuelekea Gashoho, na njia nzima Papa Valentin alifanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti. Zihalirwa alishika simu mkononi. Haikulia.

Mzee Venansi aliwapokea vizuri, vizuri mno, kama mtu ambaye bado hajaambiwa kitu. Viti vilikuwa vimepangwa uani. Pombe ya ndizi ililetwa kwenye kibuyu, mzee akajaza kikombe, akakiinua. Akasita kidogo, akaonja funda moja, ndipo akanyoosha mkono kumpa Papa Valentin.

"Karibu, mzee mwenzangu. Ni salama."

Zihalirwa alikuwa ameona jambo hilo maisha yake yote. Kwao Bushi ni hivyohivyo: mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hakuna baya ndani. Aliutazama mkono wa mzee ukiinuka, ukisita, ukinyooka. Ulikuwa mkono wa kidoli.

Theodosia alikuwa anamwonjea. Chupa za ghalani hakuzionja, kwa kuwa ghalani hakuna mgeni. Lakini alipompa mkononi, uso kwa uso, alimpa kama alivyolelewa kumpa mtu anayemheshimu: aliionja kwanza. Na ule mchezo wa kijinga, ambao haukusema popote kwamba chupa iliyopungua tone moja huhesabiwa kitu kingine, ulichora chupa ileile, kwa rangi ileile, ukamwacha yeye ahesabu makosa nyuma ya boksi. Mwaka mzima mtu alikuwa anamwambia "ni salama". Yeye akamjibu "sumu".

Theodosia akatoka ndani. Alibeba glasi moja ya mutobe, maji matamu ya ndizi, imejaa mpaka ukingoni. Alivuka ua bila kumwaga, akaiweka kwenye kigoda mbele ya Zihalirwa. Hakuionja.

Wote waliona. Mzee Venansi akageuza shingo taratibu. Papa Valentin aliacha kumeza, na Cibalonza akamshika ndugu yake goti kwa nguvu.

"Sijaigusa," Theodosia alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Niliambiwa nikigusa inaharibika."

"Theodosia," baba yake akasema, "hayo ni maneno gani mbele ya wageni?"

Zihalirwa aliitazama glasi. Akimwomba aonje, atakuwa amesema mbele ya baba yake kwamba anaogopa. Akiiacha pale, atakuwa amesema hivyohivyo. Aliinyanyua kwa mikono miwili, ikamwagika kidogo kwenye suruali, akanywa mpaka nusu bila kupumua. Kisha akasimama, akamsogelea, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia kama inavyotakiwa kumpa mtu wa heshima, akamnyooshea iliyobaki.

"Nimeonja," akasema. "Iko muzuri. Kamata, mama."

Theodosia hakunyoosha mkono.

"Na kijiji?"

"Ilifutwa jana. Kosa ni yangu. Mi sikuona we uko unanionjea."

Papa Valentin akasahau mwanzo wa hotuba yake. Mkono wa Zihalirwa ulianza kuuma, naye hakuushusha. Mwishowe Theodosia aliipokea glasi, akanywa funda moja, dogo, huku anamtazama.

"Baba," alisema, "waache wageni waseme walichokuja kusema. Mimi nitajibu. Lakini si leo."

Akarudi ndani na glasi yake. Zihalirwa alibaki amesimama katikati ya ua, mkono wa kushoto bado umeshika kiwiko, mpaka dada yake alipomvuta akae.