Jina la Chini Kabisa

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mnara, patasi mkononi, vumbi la mawe limenijaa puani, bibi yangu aliposimama nyuma yangu na kusema, "Ukiligusa jina la babu yako, wewe na mimi basi."

"Siligusi, bibi. Nachonga jingine, huku chini."

"La nani?"

Hapo sasa. Hakuna aliyejua, hata baraza la mji lililonipa kazi.

Makaburi yetu yalianza kama kipande cha ardhi ya kokoto nyuma ya hospitali, ardhi ambayo hakuna mkulima aliyeitaka. Yakapanda kilima taratibu: ya zamani yana mawe yaliyolala upande, ya karibuni yamenakshiwa kwa vigae vya bafuni. Mnara uko langoni. Ulijengwa baada ya vita kwa ajili ya askari waliozikwa hukohuko mbali walikofia, na mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, ndiye aliyechonga majina. Karani aliyemnakilia orodha alikuta jina moja limejirudia. Akaona ni makosa, akalifuta la pili. Alikuwa mtu makini, karani yule, na umakini wake ndio uliotuponza.

Siku ya kwanza ya ukumbusho, bibi alifika na maua yake akamkuta mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, ameegemea jina lilelile akilia, "Mume wangu, mume wangu." Bibi hakumuuliza kitu. Aligeukia jiwe akamtukana babu, matusi ya nguoni, mbele ya gwaride zima. Yule mwanamke alipoelewa, naye akamtukana wa kwake. Wanasema askari wale hawakuwahi kusimama wima namna ile.

Tangu hapo mji mzima ukawaita wake wenza, lakini kisogoni tu, maana bibi alikuwa na mdomo na pia alikuwa na fimbo. Hakuna aliyeacha kuja. Kila mwaka walileta maua, wakayasukumiana, na kila mmoja akamsema marehemu kwa sauti ya kutosha mwenzake asikie. Mimi nilikua nikidhani ndivyo wafu wanavyokumbukwa kila mahali.

Kisha mwaka mmoja akaja askari mstaafu, mzee wa kucheka hovyo. Aliuliza wale akina mama wanagombea nini. Alipoelezwa, ilibidi atafutiwe pa kukaa.

"Walikuwa wawili," alisema alipopata pumzi. "Kikosi kimoja, jina moja. Tuliwaita Mrefu na Mfupi. Huyo Mrefu alituimbia habari za mkewe mpaka tukawa tunamwomba anyamaze."

Babu alikuwa mrefu wa kuinamia kila mlango. Nyumbani bibi alikaa jikoni, akalia, na mimi nikalia kwa kumwona. "Nimemnunia mtu wa watu miaka yote hii," alisema, "kumbe mwenzangu huko alikuwa ananiimba."

Ndipo baraza likakubali jina la pili lichongwe. Mjomba mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, kazi ikaniangukia mimi. Nafasi ilibaki moja tu, chini kabisa, karibu na nyasi. Sasa nani ahamie huko? Bibi alikataa katakata. Matusi yote alimtolea babu pale juu, na radhi atamwomba palepale. Nikaenda kwa mke wa Mfupi. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho, halafu akanijibu karibu maneno yaleyale ya bibi. Nikarudi zangu, nikachonga herufi bila kujua ni za nani. Labda ndiyo sababu nilizichonga vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Siku ya ukumbusho ikafika, kitambaa kikavutwa. Wote wawili wakaenda moja kwa moja kwenye jina la juu, bega kwa bega, maua yakasongamana. Midomo ilikuwa ikisogea. Sikusikia walichosema, ila hayakuwa matusi. Jina la chini likabaki jeupe, jipya, bila hata ua moja. Roho iliniuma. Mmoja wa wale wanaume, sijui yupi, tulikuwa tumemwacha peke yake.

Bibi ndiye aliyetazama chini kwanza. "Na huyu je?"

"Huyu hajatukanwa na mtu," alisema mke wa Mfupi.

"Wala hajasalimiwa."

Wakatazamana. Bibi akachomoa nusu ya maua yake, mwenzake naye akachomoa ya kwake. Kushuka ndiyo ilikuwa kazi, kwa magoti yale. Bibi akamshika mwenzake kiwiko, mwenzake akamshika bibi kiuno, wakateremka polepole huku wakicheka, mpaka wakafika kwenye nyasi. Kiongozi wa gwaride alinitazama, nami nikamwashiria angoje. Bibi alipangusa vumbi kwenye herufi ya kwanza kwa kidole, akaiendea ya pili, na mwenzake akaanzia upande wa mwisho.

"Mjukuu wangu," bibi aliita bila kugeuka, "njoo utuinue. Lakini usije sasa hivi."